Linki inagoma, faili halionekani, jumla inatoka sifuri: kabla hujasema ni mtandao soma hapa

Ofisini kwetu kila kitu kikigoma ni mtandao. Linki haifunguki, mtandao. Jedwali halijumlishi, mtandao. Mtu kakosa kikao cha Zoom manake alikisubiri saa tofauti na wenzake, naye anasema mtandao ulikuwa mbaya. Mimi kazi yangu hasa ni mahesabu ila kuna siku niliichomoa karatasi iliyokwama kwenye printa mbele za watu, basi tangu siku hiyo ndo nimekuwa fundi wa ofisi nzima, bila hata shilingi kumi ya nyongeza, na kwa miaka yote hiyo nimegundua kwamba mtu akija na shida ya Google Docs au Excel au OneDrive nikimuuliza maswali mawili tu, umeingia na akaunti gani na hilo faili unaloliangalia ndo lenyewe au ni kopi, mara nyingi tunakuwa tumeshafika. Kwahiyo naandika hapa dalili moja moja kama watu wanavyoniletea, na sababu zake, ili mwenzangu mwenye kazi ya bure kama mimi apunguze maelezo.

"Inaniambia niombe ruhusa"

Umetumiwa linki kwenye grupu, unabonyeza, inakuja skrini nyeupe imeandikwa You need access na kitufe cha Request access. Unampigia aliyetuma, anakujibu kwa hasira kidogo, "mbona nimeshakushea tangu jana?" Na hapo wote wawili mnasema ukweli. Yeye kashea kwenye imeili yako ya ofisi, na simu yako imefungua ile linki kwa ile gmail uliyotengenezewa dukani siku unanunua simu, ambayo hata paswedi yake hukumbuki. Angalia kile kiduara chenye picha au herufi ya jina lako pale juu kulia, ndo kinachosema wewe ni nani sahivi. Kibonyeze, badilisha akaunti, fungua upya.

Kwenye kompyuta kuna ujanja mwingine. Ukiingia akaunti mbili kwenye brauza moja ile uliyoingia ya kwanza inahesabiwa namba 0, inayofuata namba 1, na utaziona kabisa kwenye adresi pale juu, kuna kipande kinasema /u/0/ au /u/1/. Linki nyingi zinafungukia 0. Badilisha hiyo namba kwa mkono halafu bonyeza Enter, uone inavyobadilika. Ila dawa ya kudumu ni kutengeneza profaili mbili kwenye Chrome, moja ya ofisi moja ya nyumbani, kila moja na rangi yake, ukishazoea hutarudi nyuma.

Kama akaunti ni sahihi na bado inagoma, basi kweli hujashewa. Mwenye faili abonyeze Share aangalie pale chini panaposema General access, kama pameandikwa Restricted maana yake wanafungua wale tu walioandikwa majina. Anaweza kubadilisha ikawa Anyone with the link, na hapo ndo naomba tuelewane: linki ya namna hiyo ikishatua kwenye grupu la WhatsApp lenye watu mia mbili kila atakayeipata anafungua, hata yule aliyeacha kazi mwaka juzi na hajatolewa kwenye grupu. Ratiba ya usafi sawa. Orodha ya mishahara hapana, hiyo andika majina. Halafu chagua na cheo cha mtu, Viewer anasoma tu, Commenter anatoa maoni, Editor anaandika na kufuta. Watu wanatoa Editor kama pipi alafu baadaye wanauliza nani kafuta.

Na kama faili ni la ofisi nyingine na wewe uko nje, kuna ofisi ambazo msimamizi wao amezuia kabisa kushea na watu wa nje. Hapo hata Request access uibonyeze mpaka kidole kiote sugu haisaidii, mwambie mwenzako akutumie PDF yaishe.

"Nimeandika yote lakini wenzangu hawaoni kitu"

Hii ndo mama wa shida zote. Ripoti ya robo mwaka inatumwa WhatsApp ikiwa faili la Word. Dada wa masijala anaifungua kwa WPS kwenye simu, anarekebisha. Mhasibu anaifungua kwa Word kwenye laptopu, anarekebisha. Bosi anaifungua kwa Google Docs, anaongeza aya mbili. Jioni kila mmoja anasema ameshamaliza sehemu yake na ni kweli, ila kuna ripoti tatu, na ya nne ni ile aliyotuma mtu saa kumi na moja imeandikwa Ripoti_final_ya_mwisho_kabisa(2). Faili likitumwa WhatsApp au likiambatanishwa kwenye imeili kila anayelipokea ana lake. Hawaandiki pamoja hao, wanaandika kila mtu chumbani kwake.

Mkishafika hapo msianze kunakili kwa macho. Google Docs ina Tools halafu Compare documents, Word ina Review halafu Compare, unampa mafaili mawili anakuonyesha tofauti zote, unakubali moja moja. Ukiwa na matatu linganisha mawili kwanza, jibu lake ulilinganishe na la tatu. Ukimaliza liweke Drive (stoo ya mafaili ya Google mtandaoni) au OneDrive (ya Microsoft), tuma LINKI, halafu waambie watu kwa ukali kidogo kwamba atakayetuma faili lenyewe tena kwenye grupu atanunua soda.

Kuna wenye faili la Word ndani ya Drive, utaliona lina kialama cha .DOCX pembeni ya jina. Linafunguka na mnaweza kuandika pamoja humo humo, hamna neno. Shida inaanzia pale mmoja anapobonyeza File halafu Save as Google Docs, manake hiyo hailigeuzi lile faili, inatengeneza jingine jipya lenye jina lile lile, na lile la zamani linabaki pale pale likiendelea kuandikwa na wale wenye linki ya zamani. Ukigeuza, lile la zamani lihamishie kwenye folda ya "zamani" na ubadilishe jina siku hiyo hiyo.

Dalili ndogo ya jirani: maandishi yako yanatoka na rangi, ukifuta neno halifutiki linachorwa mstari katikati. Hujaharibu kitu. Uko kwenye Suggesting, angalia kipenseli juu kulia ukirudishe kwenye Editing. Kama hakikubali basi umepewa cheo cha Commenter, mapendekezo yako yanamsubiri mwenye faili ayakubali.

Na wale wa bando kuisha katikati. Ukiandika bila mtandao kinachoandikwa kinakaa kwenye kifaa chako mpaka kipate mtandao, ila hiyo inafanya kazi kama uliiandaa mapema. Kwenye kompyuta iwe Chrome au Edge, uwe na nyongeza ya Google Docs Offline, na uingie Drive kwenye Settings uweke tiki ya Offline wakati mtandao UPO. Kwenye dirisha la incognito, lile la siri lisilotunza kumbukumbu, haifanyi. Kwenye simu unabonyeza vile vidoti vitatu vya faili unachagua Make available offline. Mtandao ukirudi acha lile faili wazi mpaka juu paandike Saved to Drive, usifunge laptopu ukakimbilia daladala.

"Faili limepotea"

Mara nyingi halijapotea, hujalitafuta. Watu wanashuka na kidole kwenye orodha mpaka wanachoka wakati kuna kisanduku cha kutafuta pale juu kinachosoma mpaka maneno yaliyo ndani ya faili. Andika neno moja unalolikumbuka humo ndani, jina la kijiji, jina la mradi. Halafu jua kwamba kitu ulichoshewa hakikai My Drive, kinakaa Shared with me.

Kama kweli limeondoka, swali linakuwa faili lilikuwa la nani. Asiye mwenye faili akibonyeza Remove anajiondolea yeye tu, wengine mnaendelea kuliona. Mwenye faili akilifuta linaenda kwenye pipa la takataka linakaa siku 30 halafu linafutika moja kwa moja, kwahiyo mtafute haraka alirudishe kabla hata hamjaanza kulaumiana. Kuna na ile ya folda ya pamoja kufutwa au kuhamishwa na mafaili yako yaliyokuwa ndani yakabaki yanaelea hayana folda. Nenda kwenye kutafuta pale Drive uandike is:unorganized owner:me, utashangaa vitu utakavyovikuta humo, mimi nilikuta mpaka CV yangu ya zamani.

Kama faili lipo ila maandishi ndo yamefutwa, hapo ndo nawapenda hawa watu wa Google. File, Version history, See version history, au kwa kibodi Ctrl+Alt+Shift+H. Inakuonyesha kila toleo na nani kagusa nini kwa rangi yake. Tafadhali usikimbilie kubonyeza Restore this version, manake inarudisha faili zima nyuma, na kama aya yako ilifutwa Jumatatu na leo Alhamisi wenzako wameshaandika kurasa nne, utakuwa umewafutia. Fungua toleo la zamani, nakili kipande chako, rudi kwenye la sasa, bandika. Kwenye Sheets, yaani jedwali la Google, iko rahisi zaidi, bonyeza kulia kwenye seli moja uchague Show edit history, inakutajia nani alibadilisha namba hiyo kutoka ngapi kwenda ngapi. Hiyo imeshamaliza ugomvi mwingi hapa kwetu. Imeanzisha na mingine, sikatai.

Sasa kuna upotevu wa kweli, na huu uliwahi kutupata. Kijana wa mafunzo kwa vitendo alikuja miezi mitatu, mchapakazi kweli, akatengeneza daftari zima la mahudhurio kwa akaunti aliyopewa na ofisi. Akamaliza muda, akaagwa kwa keki, akaunti ikafutwa, na daftari likaenda naye. Ofisi zinazotumia Google Workspace (Google ya maofisi) msimamizi anaweza kuirudisha akaunti iliyofutwa ndani ya siku 20, baada ya hapo basi tena, na sisi tulikuja kukumbuka tukiwa tumeshapita mwezi. Kwahiyo kabla mtu hajaondoka msimamizi ahamishe mafaili yake kwa mtu mwingine, au bora zaidi kazi za ofisi zikae kwenye Shared drive ambayo mwenye mali ni ofisi yenyewe, aje mtu aondoke mtu faili lipo. Mkiwa mnatumia gmail za kawaida unaweza kumkabidhi mwenzako umiliki ila lazima naye akubali, asipobonyeza kukubali bado ni lako. Na kutoka akaunti ya ofisi kwenda gmail ya kawaida umiliki hauhamishiki, hapo mwenzako atengeneze kopi yake.

"Imejaa" na imeili haziingii

GB 15 za bure za Google ni za vitu vitatu kwa pamoja, Gmail, Drive na Photos. Kwahiyo unaweza usiwe na faili hata moja Drive lakini video za harusi ya shemeji zimekula zote. Na zikijaa shida haiishii kwenye mafaili, Gmail inaacha kupokea, anayekuandikia anarudishiwa barua yake, na wewe unakaa unasema mbona wamenyamaza. Kuanzia tarehe 1 Juni 2021 hata Docs na Sheets mpya zinahesabiwa, zamani zilikuwa bure. OneDrive ya bure ndo ndogo zaidi, GB 5.

Anzia Gmail, andika kwenye kutafuta has:attachment larger:10M, futa yasiyo na kazi, halafu MWAGA pipa, usipomwaga hujapunguza kitu. Vitu walivyokushea wengine usihangaike navyo, vinahesabiwa kwa mwenyewe. Ila kama una fomu ya Google inayoomba watu wapandishe vyeti vyao, kila cheti kinakaa kwako.

Jedwali: hapa ndo tukae

Jumla inatoka 0, au inatoka ndogo kuliko inavyotakiwa. Angalia zile namba, ukiona zimeegemea kushoto mwa seli ujue kompyuta inaziona ni maneno, namba za kweli zinaegemea kulia. Na kwetu sababu namba moja inajulikana, tumefundishwa tangu shule kuandika 5,000/= na mkono ukifika kwenye Excel unaandika hivyo hivyo. Kwa binadamu ni shilingi elfu tano, kwa SUM, fomula ya kujumlisha, hilo ni neno tu kama "maandazi", inalipita. Wengine wanaandika Tsh mbele, mwingine "laki 2", kuna mmoja alikuwa anaandika herufi O badala ya sifuri na nilichukua nusu siku kumgundua. Bonyeza Ctrl+H, kwenye kutafuta andika /= na kwenye kubadilisha acha wazi, badilisha zote. Fanya hivyo na Tsh. Kama bado zimeegemea kushoto basi kolamu imewekwa Plain text, yaani maneno matupu (Excel inaiita Text), ibadilishe iwe Number kisha urudie. Na kama huwezi kuishi bila ile /= yako, iweke kama vazi tu, nenda kwenye umbo la namba la kujitengenezea uandike #,##0"/=" halafu ndani ya seli uandike 5000 peke yake. Itaonekana 5,000/= na itajumlishika.

Dalili nyingine: unaandika 5,000 inakuwa tano. Hapo faili lilitengenezwa na mtu aliye Ujerumani au Ufaransa au nchi nyingine ambayo mkato ndo alama ya desimali, na faili linabeba mila za nchi ya aliyelitengeneza. Kwenye Sheets nenda File, Settings, Locale, weka nchi yako, na kama huioni weka United Kingdom. Locale hiyo hiyo ndo inayofanya 03/04 iwe Machi 4 kwa faili la Marekani wakati wewe umeandika tarehe 3 Aprili, na hii ni hatari kuliko ya kwanza manake haionyeshi kosa lolote, inakaa kimya tu mpaka mtu analipwa mwezi ambao sio wake.

Sasa namba za simu. Semina imeisha, orodha ya posho inapelekwa kulipwa kwa simu, na washiriki wanaanza kupiga, "kaka mbona kwangu haijaingia". Unafungua jedwali unakuta 0712 na ndugu zake zote zimekuwa 712, sifuri ya mbele imeliwa, kwa kompyuta sifuri mbele ya namba haina kazi. Ukiandika na +255 ndo balaa jingine, alama ya kujumlisha inaifanya ifikiri ni hesabu, na ukiweka nafasi katikati Sheets inakurushia #ERROR!. KABLA hujaanza kuandika chagua kolamu nzima, Format, Number, Plain text. Ukishachelewa, kwenye kolamu ya pembeni andika ="0"&A2 uivute mpaka chini, inarudisha sifuri zote.

Lakini namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, haina huruma hiyo. Ina tarakimu 20, na Excel inashika tarakimu 15 tu, zinazobaki zinageuzwa sifuri, tarakimu tano za mwisho za kila mtu zinakuwa 00000. Halafu mbele ya macho inaonyesha kitu kama 1.98E+19 mtu anadhani ni upana wa kolamu, anaitanua, anasevu. Hizo hazirudi kwa fomula yoyote, zimeshapotea, unarudi kwenye fomu za karatasi kuandika upya. Ukiandika na vistari kama ilivyo kwenye kitambulisho inabaki salama manake inasomwa kama neno, au weka Plain text mapema, au anza na alama ya ' kabla ya namba. Mimi sahivi nikiona mtu anafungua jedwali jipya la washiriki namwambia weka Plain text kwanza, hata sisemi habari za asubuhi.

Mistari inaruka ruka mwenyewe. Unaandika mstari wa 40, ghafla uko wa 12 na jina sio lile. Sio jini, ni mwenzako kabonyeza kupanga A mpaka Z kwenye jedwali mnalotumia pamoja na anachofanya yeye kinawapata wote. Kila anayetaka kuchuja afungue Data halafu Create filter view, hiyo anaiona yeye tu. Mbaya zaidi ni yule aliyechagua kolamu ya majina peke yake akaipanga, majina yakahama namba za simu zikabaki, sasa Asha ana simu ya Juma na posho ya Neema. Usijaribu kurekebisha kwa mkono. Kama ni sasa hivi bonyeza Ctrl+Z, kama ni jana rudi kwenye Version history, na hapa ndo pekee naruhusu Restore nzima. Baada ya hapo Data, Protect sheets and ranges, funga kolamu ambazo hazitakiwi kuguswa.

#REF! maana yake mtu kafuta mstari au kolamu ambayo fomula ilikuwa inaitegemea. Ikitoka kwenye IMPORTRANGE, fomula ya Sheets inayovuta data kutoka faili jingine, sogeza mshale juu ya seli, huenda inasubiri tu ubonyeze Allow access. Zile ###### za Excel ni kolamu nyembamba, itanue, hamna mgonjwa hapo.

Vikao

Kwanza saa, manake ndo inayotuumbua. Umeambiwa kikao saa 3 asubuhi, unaingia kwenye kalenda unaandika 3:00 AM, na kalenda haijui Kiswahili, inawaita watu saa tisa usiku. Saa 3 asubuhi ni 9:00, saa 8 mchana ni 14:00. Kwenye mwaliko andika vyote viwili. Wenzetu wa Kigali na Bujumbura wako nyuma yetu saa moja. Na mkiwa na kikao cha kila wiki na watu wa London, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba wao wanasogeza saa zao sisi hatusogezi, kwahiyo kikao kilichokuwa saa 7 mchana Dar kinaweza kuhamia saa 8 bila mtu kukigusa, inategemea nani alikitengeneza. Hiyo sio hitilafu, kalenda inafuata saa za aliyekitengeneza.

Kinakatika katikati ya hotuba ya mwenyekiti? Zoom ya bure ni dakika 40. Google Meet ya bure mkiwa watatu na kuendelea ni dakika 60, Teams ya bure nayo 60. Anzeni na yale ya muhimu, utambulisho wa dakika ishirini mtautafutia siku nyingine.

Hawanisikii: angalia kama maiki ina mstari mwekundu, ndo kosa la kwanza hata kwa wazoefu. Kisha kialama kilicho kushoto mwa adresi kwenye brauza, kibonyeze uone kama maiki imeruhusiwa. Kisha kwenye mipangilio ya kikao angalia imechagua maiki ipi, mara nyingi inasikiliza hedifoni ya Bluetooth iliyo kwenye begi. Kisha funga programu nyingine ya vikao iliyobaki wazi. Mwangwi unaosikika kama mko ndani ya pipa ni watu wawili wa chumba kimoja wameingia kila mtu na kifaa chake, mmoja azime maiki na spika, vyote viwili. Sauti ikikatika katika zima kamera, picha ndo inayokula bando.

Kuprinti steshenari

Barua ilikuwa ukurasa mmoja, steshenari imetoka miwili na sahihi ya bosi imekaa peke yake ukurasa wa pili. Fonti uliyotumia haipo kwenye kompyuta yao, ikawekwa nyingine. Peleka PDF, usipeleke Word. Na angalia File, Page setup, kama imekaa Letter badilisha iwe A4 na ubonyeze Set as default, Letter ni fupi kwa karibu sentimita mbili na ni karatasi ya Marekani. Ukisevu hiyo PDF usiweke alama ya / kwenye jina eti kwa sababu kumbukumbu namba ya barua inayo, OneDrive na Windows hazikubali, tumia kistari.

Na mara nyingine kweli sio wewe

Tarehe 14 Desemba 2020, mchana wa saa tisa kasoro kwa saa zetu, Gmail, Docs, YouTube zilizimika dunia nzima kwa karibu dakika 45, shida ilikuwa kwenye mfumo wao wa kutambua akaunti, na waliofungua YouTube kwa incognito bila kuingia akaunti iliwafungukia. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, mtandao ukawa wa kuchechemea Tanzania, Kenya, Uganda. Siku kama hizo usianze kufuta programu na kubadilisha paswedi. Google wana ukurasa wa Workspace Status Dashboard, ufungue kwa data ya simu, ukiona duara sio kijani kanywe chai.

Ila ukiona tovuti ZOTE zinakuambia Your connection is not private na simu ya jirani inafungua vizuri, angalia saa ya laptopu. Laptopu za zamani betri ndogo ya ndani ikifa, kila ukiiwasha inarudi mwaka wa nyuma huko, na vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana bado havijaanza kazi. Weka tarehe sahihi, zinafunguka zote, halafu mpelekee fundi abadilishe kibetri.

Lingine ambalo sio mtandao ni simu kukwapuliwa na laini kwenda nayo, alafu Google inataka namba ya siri iliyotumwa kwenye laini hiyo hiyo. Ingia leo, sio kesho, kwenye akaunti yako upande wa Security, 2-Step Verification, Backup codes. Inakupa namba kumi za tarakimu nane, kila moja inatumika mara moja. Ziprinti. Usizihifadhi kwenye Drive hiyo hiyo, kuna mtu hapa ofisini alifanya hivyo na mpaka leo tunamtania. Karatasi ikunje uiweke nyumbani kwenye bahasha ya vyeti vya kuzaliwa vya watoto, pale ambapo hata ukihama nyumba hutaisahau.